Mpira wa Kupulizia Mikorosho

Nilipofika gereji na mpira wa mafuta mkononi, gari halikuwepo.

Halikuibwa. Halikusukumwa kando kupisha gari jingine. Abdalah alikuwa ameliwasha na kuondoka nalo, gari nililoliacha saa moja iliyopita likiwa halina hata njia ya kupitisha petroli. Pale lilipokuwa limesimama palibaki doa la oili, chupa yangu ya maji ya kunywa, na kipande cha mpira wa njano chenye urefu wa kiganja, kimekatwa kwa kisu butu.

Nilikiokota kile kipande. Kila mtu wa Nachingwea anaujua mpira ule. Ni wa bomba la kupulizia dawa mikorosho. Ingia nyumba yoyote huku kwetu mwezi wa sita, utaukuta umening'inia ukutani, na ukichakaa hautupwi. Tunaanikia nguo, tunafungia mbuzi, tunamwagilia mchicha. Na sasa mwehu mmoja alikuwa ameufunga kwenye injini ya petroli na kupakia watu juu yake.

Jina langu Goreti. Ni fundi magari, mwaka wa kumi na saba huu, na nina hasira. Baba yangu alivuka Ruvuma akiwa kijana akitokea Msumbiji, akalima Nambambo mpaka akafa, na badala ya shamba akaniachia hasira zake. Wateja wangu wanajua. Wanaletewa gari lao zima, wanapewa na maneno juu yake, na mwezi unaofuata wanarudi.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo mtu anaweza kudhani nilikuwa nagomba bure. Haisi ya Abdalah ilikuwa imepasuka menifodi ya hewa, lile tawi la aluminiamu linaloipelekea kila silinda hewa yake. Inayofanana na yake hatukuipata Nachingwea wala Masasi. Tuliyoipata ilitoka kwenye gari lililokufa Ruangwa, injini ndugu lakini si pacha. Boliti zilikaa, gasketi ilikaa. Lakini ya zamani ilipokea mafuta mbele, hii inapokea nyuma. Mlango wa maji nao ulikuwa umehamia upande mwingine kabisa, na vile vimipira vyembamba vya upepo vikawa vifupi vyote.

Kubadilisha menifodi si kazi. Ni boliti tu, hata mwenye duka la nyanya atafungua na kufunga. Kazi ni mipira. Mpira wa maji ukiukunja vibaya unajibana, injini inachemka. Wa upepo ukiukosea, injini inahema na kukatakata. Hayo ni makosa ya kukuharibia gari. Kosa la mpira wa mafuta ndilo la kukuharibia watu, hasa kwenye haisi, ambayo injini yake iko chini ya kiti cha dereva. Abiria wa mbele wameikalia, wa nyuma wameiegemea.

Siku mbili nilizunguka na mipira ile. Ya maji nilimaliza, ya upepo nilimaliza. Ulibaki wa mafuta, na huo nilikataa kubahatisha. Kutoka bomba la chini ya chasisi hadi mlango mpya wa nyuma kuna njia mbili. Ile fupi inapita juu ya ekzosi, na ekzosi ikipata moto unaweza kuipikia chai. Ile ndefu inazunguka mbele ya injini na kurudi kwa upande wa pili, na inataka mpira wa mita moja na nusu, mpira wa petroli hasa, mweusi, wenye nyuzi ndani. Sikuwa nao. Niliagiza Masasi, nikaambiwa utakuja na basi la asubuhi.

Asubuhi hiyo Abdalah alikuwa gereji tangu saa moja, anazunguka gari kama kuku anayetaka kutaga. Binti yake Zena alikuwa mwali, na alitakiwa afike kwa bibi yake mzaa mama huko Nkowe, wilaya ya Ruangwa, kabla ya alasiri, atolewe unyago. Mkewe Safina na akina mama wengine tisa walikuwa wamekwisha kujipamba. Nilipoondoka kwenda stendi kuupokea mpira nilimwambia, na maneno yangu nayakumbuka yote:

"Ukiliwasha hili kabla sijarudi, litakuunguza mpaka hizo ndevu zako za kuazima."

Akanijibu, "Bora niungue kuliko kuzeekea gereji ya mla panya."

Nikacheka. Akacheka. Nikaenda zangu stendi, na basi likachelewa.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo lataka maelezo. Ukoo wetu na ukoo wa Abdalah ni watani. Si utani wa kuchekeshana kwenye simu. Ni utani wa kuzikana, tulioukuta kwa wazee na kuupokea ulivyo. Mtani wangu anaweza kuingia jikoni kwangu akabeba chungu na mboga ndani yake, nami sina la kusema. Anaweza kunitukana mbele ya padri. Siku ya msiba wa baba, Abdalah alitokea amevaa koti la marehemu na kofia yake, anatembea kwa kuchechemea vile vile alivyochechemea baba, akajilaza njiani akasema jeneza halipiti mpaka yule mzee amlipe kuku wake wa mwaka themanini na nane. Watu waliokuwa wanalia wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote. Kisha akasimama, akavua koti, akashika jembe, akafukia kaburi mpaka mwisho. Nisingeliweza msiba ule bila yeye.

Kwa hiyo kati yetu hakuna salamu. Yeye amenizidi miaka sita, lakini sijawahi kumwamkia. Tukikutana tunaanza na tusi. Na mtani akikutisha kwamba utaungua, hujaonywa. Umesalimiwa.

Nikapiga simu nikiwa bado nimesimama kwenye lile doa la oili.

"Abdalah, zima gari."

"Ah, mtani! Umerudi? Nimekuachia chupa yako ya maji, sikuona kingine cha kuiba."

"Zima gari nakwambia! Umefunga mpira gani?"

"Mpira wa nguvu huo! Ile mashine ya kupulizia si inatumia petroli? Basi na mpira wake unaijua petroli. Mimi fundi kukuzidi, Goreti, tangu leo nadai gereji yangu."

Sikia akili hiyo. Nilitaka kuing'ata simu. Ni kweli mashine ya kupulizia inatumia petroli. Ina tangi lake dogo la petroli na kimpira chake chembamba cha petroli. Lakini ule mpira mrefu wa njano haujawahi kupitisha petroli hata tone moja maishani mwake. Unapitisha dawa na maji. Ukiutia petroli unaanza kuvimba, unalainika, unateleza kwenye klipu. Ukiupitisha juu ya ekzosi, hauna hata nusu saa. Huku kwetu kila mwenye mikorosho ameishika mashine hiyo tangu utoto, na hakuna anayejua hili, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa na sababu ya kulijua. Kosa hilo haliwezi kufanywa na mtu wa Arusha.

"Umeupitisha wapi?" nikamuuliza.

"Njia ya mkato. Wewe ulitaka kuuzungusha injini nzima kama shanga, unapenda mapambo."

"Abdalah, umeupitisha juu ya ekzosi! Utaungua wewe na mkeo na mtoto wako! Simamisha gari, mbwa wewe!"

Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na nyuma yake nikasikia sauti za akina mama, vigelegele, na mtu anapiga debe.

"Sikilizeni, sikilizeni," akawaambia, "nimemweka kwenye spika. Mtani wangu kapandisha leo. Endelea, Goreti, tuburudishe njia."

Nikaendelea. Mungu anisamehe, nikaendelea. Nilimwita majina yote niliyoyajua kwa Kiswahili, nikamalizia kwa Kimakonde, na kila neno lililotoka kinywani mwangu lilipokelewa kwa vigelegele. Mwanamke mmoja akasema, "Huyu ndiye mtani bwana, si wale wenu wa siku hizi." Simu ikakatika.

Gabrieli alikuwa akipita na pikipiki yake. Ni dereva wa bodaboda, mtu mzima, baba wa watoto wanne, na ndugu zake wote wako Songea. Nikasimama katikati ya barabara, akafunga breki mpaka gurudumu likageuka.

"Barabara ya Ruangwa," nikamwambia nikipanda. Mpira wa mafuta nikauvaa shingoni, spana mfukoni. "Mfukuze Abdalah."

"Kuna nini, dada?"

"Endesha!"

Akaendesha. Vumbi la mwezi wa sita ni jekundu na linaingia mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimemshika Gabrieli kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili, na nilikuwa nimekasirika mpaka machozi yanatoka. Nilimkasirikia Abdalah na ujuaji wake. Nilikasirikia basi la Masasi. Nilikasirikia bibi wa Nkowe asiyeweza kusubiri saa mbili. Kila tulipopita mti wenye kivuli nilitazama chini yake kama haisi imesimama, na haikuwepo, na nikazidi.

Nikampigia Safina. Safina ni mwanamke mwenye akili zake, anauza vitenge sokoni, haibiwi hata shilingi. Nikajua yeye atanielewa.

"Safina, mwambie mumeo asimamishe gari. Mpira wa mafuta utachomoka."

"Wifi mtani," akasema, na nikasikia anajizuia kucheka, "sisi tumekwisha fika mbali. Ulitaka na wewe upande, si ungesema? Nafasi ipo, juu ya keria."

"Hamsikii harufu ya petroli?"

"Tunaisikia. Imetushika vichwa tangu huko nyuma, tumefungua madirisha yote. Abdalah anasema ndiyo harufu ya fundi wake, hajaoga."

Na hapo gari zima likacheka tena, nikasikia. Niliondoa simu sikioni nikaitazama. Petroli ilikuwa imeanza kuvuja tayari, wanaivuta kwa pua zao, na wanacheka. Mtoto Zena amefunikwa khanga gubigubi kama mwali anavyofunikwa, haruhusiwi kusema, haruhusiwi kutembea, ameketishwa nyuma ya kiti cha dereva kwa sababu ndipo pa heshima.

"Simama," nikamwambia Gabrieli. Akasimama. Nikapiga namba ya Abdalah. "Shika simu. Wewe si mtani wake. Wewe mwambie."

Gabrieli akachukua simu, akakohoa kidogo, akamweleza vizuri sana. Habari za safari, bwana Abdalah, hapa naongea Gabrieli wa bodaboda, dada fundi anasema ule mpira una hatari, ni vyema upaki pembeni. Alisema kama mtu anayesoma tangazo la mkutano wa kijiji. Kisha akasikiliza, uso ukamlegea, akanirudishia simu.

"Anasema umenilipa shilingi ngapi. Anasema ataniongezea."

Nilipiga teke tairi la pikipiki. Nikalipiga tena. Nikazunguka pale barabarani nikipiga kelele hakuna anayenisikia isipokuwa mikorosho na mwanamke mmoja aliyekuwa na baiskeli yenye magunia, akateremka akasubiri nimalize. Nilikuwa na maneno yote ya duniani na hakuna hata moja lililofaa kazi hii. Nilikuwa nimeyatumia yote. Miaka yote nimemwambia utakufa, utaungua, utazikwa na mbwa, nitakuja kula wali kwenye arobaini yako, na tumecheka. Sasa ilikuwa kweli, na kweli ilikuwa inasema maneno yale yale.

Gabrieli aliniacha mpaka nilipotulia kidogo. Akasema, "Samahani, dada. Hata mimi mwanzo nilijua mnataniana. Nyie mkigombana kweli huwa mnasemaje?"

Nikamtazama. Nilitaka kumtukana na yeye, lakini swali lenyewe likanizuia. Sisi hatujawahi kugombana kweli. Hatuna maneno ya kugombania. Na hasira yangu, ambayo kwa watu wengine ni moto, kwa Abdalah ni ngoma. Kadiri ninavyoipiga ndivyo anavyocheza.

Nikajifuta uso. Nikapiga namba. Mteja hapatikani. Tukapanda tena pikipiki, tukakimbia mpaka kilimani mtandao ulipo, nikapiga. Ikaita mara nne.

"Haya, mla panya, umekumbuka tusi jingine?"

"Shikamoo, kaka Abdalah," nikasema.

Nikasikia muungurumo wa injini na debe likipigwa.

"Nani huyu?"

"Ni mimi, kaka. Mdogo wako Goreti. Shikamoo."

Hakuitikia. Akasema kitu pembeni, na debe likaacha kupigwa. Sauti za akina mama zikazimika moja moja.

"Goreti," akasema, na sauti yake sikuitambua. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, kaka. Nakuomba tafadhali, kwa heshima yako, uzime gari na uwashushe watu wote, wakae mbali. Na Zena. Samahani kwa usumbufu."

Sijawahi kumwambia mtu yeyote samahani kwa usumbufu. Maneno yale yalikuwa machungu mdomoni kuliko vumbi. Nikasikia injini ikizima. Nikasikia mlango ukiburuzwa, Safina akiita jina la mtoto kwa sauti kubwa, na simu ikakatika.

Tuliwakuta baada ya robo saa. Haisi ilikuwa pembeni ya barabara, milango yote wazi, kiti cha dereva kimeinuliwa. Akina mama walikuwa wametawanyika kwenye shamba la mikorosho kwa mavazi yao ya sherehe. Safina alikuwa mbali kuliko wote. Alikuwa amembeba Zena mgongoni, msichana mrefu kumkaribia mama yake, kwa sababu mwali hakanyagi chini kabla ya kutolewa, na hata katika kukimbia hakulisahau hilo. Alikuwa bado hajamtua.

Abdalah alisimama mbele ya gari. Mkononi alishika mpira wa njano. Upande mmoja ulikuwa umevimba na kulainika, klipu imeteleza na kubaki inaning'inia. Upande uliopita juu ya ekzosi ulikuwa umeyeyuka na kugeuka kahawia. Petroli ilikuwa imelowanisha zulia la chini ya kiti na matone yalikuwa yamefika kwenye bati linalokinga joto la ekzosi. Niliyahesabu nikaacha. Bati lilikuwa bado la moto nilipolishika, nikaunguza vidole.

Basi nikamfungulia. Nilimpa yote niliyoyazuia kilimani. Nikamwita mwehu, nikamwita mchawi wa mtoto wake mwenyewe, nikamuuliza kama ubongo wake nao umepitishwa njia ya mkato. Nilikuwa namngoja. Nilikuwa nangoja aseme nimechelewa kwa sababu nilisimama njiani kuchimba panya, ili nimrukie tumalize.

"Ni kweli, dada Goreti," akasema.

Nikachukua spana.

Niliufunga mpira mpya pale pale barabarani, gari likiwa limepoa, zulia nimeling'oa na kulitupa, petroli imefutwa kwa khanga ambayo mama mmoja alijifungua kiunoni bila kuombwa. Nikauzungusha mbele ya injini kama nilivyotaka tangu mwanzo, nikaubana kwenye mabano matatu usicheze, nikaurudisha kwa upande wa pili, mbali na ekzosi, klipu mbili kila mwisho. Nikawasha, nikaacha injini ingurume, nikapitisha mkono kila mahali kutafuta unyevu. Hapakuwa na unyevu. Wakati wote huo Abdalah alinipa spana kabla sijaitaja. Akina mama walipanda bila kuimba. Wakafika Nkowe wamechelewa, na mwali akatolewa jua likiwa linashuka, na nasikia ilipendeza.

Tangu siku ile watu wananisifu, na wananiudhi. Mwanamke wa Mungu, wanasema. Wanaleta kuku. Sokoni wananisimamisha waambiwe habari ya ile shikamoo, na wanacheka pale pa kucheka. Nawaambia kilichookoa watu ni klipu mbili na mpira mweusi, waondoke mbele yangu nina kazi.

Wiki tatu zilipita Abdalah hajaonekana. Kisha akaja, menifodi ipimwe boliti zake kama nilivyomwagiza. Alisimama pale kwenye geti la bati.

"Hodi, fundi."

Miaka yote hajawahi kupiga hodi kwangu. Nilikuwa nimelala chini ya pick-up ya mtu, nikatoka na oili usoni.

"Hodi ya nini, mwizi wa kuku?" nikamwambia. "Umekuja kuniunguzia na gereji?"

"Hujambo, dada? Habari za kazi?"

Nikamwendea. Nikamvua kofia yake, kofia mpya ya kufuma aliyoletewa kutoka Lindi, nikaivaa mimi kichwani na oili zangu. Zamani angenikimbiza mpaka sokoni. Alisimama tu, mikono mbele, akatabasamu tabasamu la msibani.

"Ivae tu, dada. Imekupendeza."

"Nitukane," nikamwambia.

"Goreti."

"Nitukane, Abdalah! Niite mla panya! Sema siogi! Umekuwaje wewe, umerogwa?"

Akatazama chini.

"Uliponiamkia siku ile nilijua mama amekufa," akasema. "Kisha nikageuka nyuma, nikamwona Zena na khanga yake. Sasa kila nikitaka kukutania naisikia ile shikamoo. Siwezi, dada. Nimejaribu hata njiani nikija. Ulimi hautaki."

Nilikuwa na maneno, na yote yalikuwa matusi. Hasira ikanipanda, hasira ya kweli, ambayo hata sikujua namkasirikia nani, na mkononi nilikuwa na spana namba kumi na nne. Nikamtupia. Ilimpita sikioni, ikagonga bati la geti, ikaanguka mchangani.

Abdalah akainama akaiokota. Akaifuta mchanga kwa shati lake safi, akaja nayo, akanipa kwa mikono miwili.